Siku Mama Alipokuwa Jirani Yangu

Harufu ya mafuta ya ufuta yakipata moto hunirudisha Guangzhou kila mara, hata nikiwa jikoni kwangu Mwanza na mvua inanyesha. Hainirudishi kwenye magodauni na marobota, ila kwenye Jumapili moja tu, katika jumba la maduka la Wakorea, nilipokuwa na miaka kumi. Nimeisimulia sana siku hiyo kama siku ya furaha, na kweli ilikuwa ya furaha. Ila kuna kipande nilikuwa nakiruka. Leo sikiruki.

Tulipanga chumba mtaa wa Sanyuanli, mama na mimi. Baba alibaki Mwanza kupokea mzigo. Mama alinunua nguo, akazifunga, akazituma kwa meli. Siku sita za wiki alizunguka kwenye majengo ya jumla, na ya saba tulisali na Watanzania na Wakongo katika ukumbi wa kukodi. Mimi nilisoma shule ya Wachina, na Kichina changu kilikuwa cha watoto wa palepale, hivyo mama alinifanya mkalimani wake: kwa mwenye nyumba, kwa daktari, hata kwa mwalimu wangu mwenyewe. Yeye, kwa nilivyojua mimi, alikuwa na maneno manne ya sokoni: laoban, yaani bosi, duoshao, bei gani, meiyou, hakuna, na bu yao, sitaki. Hilo la mwisho alilitamka vizuri kuliko yote.

Jumapili hiyo, baada ya ibada, rafiki yake wa Lubumbashi, Mama Beatrisi, alimshika mkono.

"Mama Kabula, leo hatuuzi, hatununui. Tunaenda kutembea sawa batu wengine. Voilà."

"Sawa", kwa Kiswahili cha kwao chenye Kifaransa ndani, ni "kama", na "batu" ni watu. Mama alicheka, akasema miguu yake haijui kutembea bila kazi. Lakini alienda.

Sakafu ya jumba lile ilimeremeta mpaka Mama Beatrisi akainua gauni lake kana kwamba anavuka maji. Tulipakwa krimu za kujaribu mikononi, tukaonja majani ya baharini yaliyokaushwa, yakavunjika mdomoni kama karatasi yenye chumvi. Kwenye mgahawa walituletea nyama mbichi iliyopakwa mafuta ya ufuta, na jiko la mkaa katikati ya meza.

"Mais, hawa watu ni wajanja," alisema Mama Beatrisi. "Tunalipa, halafu tunajipikia?"

Mama alikuwa ameshashika koleo. Aligeuza nyama yetu, kisha akawaonyesha kwa kidole majirani wa meza ya pili kuwa yao inaungua. Sikumbuki siku nyingine pale mjini nilipomwona amekaa muda mrefu kiasi kile.

Baada ya chakula tuliingia duka la nguo, tupite tu, na Mama Beatrisi akaendelea mbele kwenye viatu. Macho ya mama yaliangukia koti la mtoto, la bluu. Akalishusha, akaligeuza ndani nje, akavuta mshono, akausugua ukosi karibu na sikio, akanusa. Kwenye majengo ya jumla huo ndio ulikuwa ujuzi wake, na mabosi walimwogopa kwa huo. Hapa wauzaji wawili wenye glavu nyeupe walisimama wakimtazama, na mimi nikaanza kuona aibu.

Ndipo nikasikia naitwa kwa jina la Kichina nililopewa shuleni. Alikuwa Xiaoyu, niliyekaa naye dawati moja, yuko na mama yake mwenye viatu vyeupe. Tulisalimiana. Kisha Xiaoyu akauliza, "Yule anayenusa koti ni mama yako?"

"Hapana," nikajibu kwa Kichina. "Ni jirani yetu. Mama yangu amesafiri."

Mama alikuwa hatua tano tu kutoka tulipokuwa. Mkono wake ulisimama kwenye ukosi, kisha ukaendelea. Nilidhani ameona kasoro ya mshono. Akalirudisha koti mahali pake, akafunga vifungo vyote kimoja kimoja, akapita nyuma yetu bila kunitazama, akaenda kukaa kwenye benchi karibu na ngazi za umeme. Kutoka kwenye viatu Mama Beatrisi akaita, "Mama Kabula, njoo uone!" Kabula ni mimi, nikamtazama Xiaoyu haraka. Lakini Xiaoyu hakumjua Kabula yeyote.

Walipoondoka nilimfuata mama pale benchi.

"Umeonana na rafiki yako?"

"Ndiyo."

"Ana adabu?"

"Ndiyo."

"Basi vizuri," akasema, akanifuta mafuta kidevuni kwa pindo la kitenge.

Bibi alizoea kusema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilinipeleka miaka kumi na miwili. Tulisharudi nyumbani, nimekaa dukani kwa mama, simu ikaingia kutoka kwa wakala wa mizigo aliyekuwa bandarini Nansha, kulekule Guangzhou. Mzigo wetu ulikuwa umechanganywa na wa jirani kwenye kontena. Mama alizungumza naye Kichina mfululizo, akimweleza, akimkaripia, akimtania. Katikati nikasikia linju, neno lilelile nililomwambia Xiaoyu. Jirani.

Alipokata simu nilimuuliza alijifunza lini.

"Kulekule. Miaka yote ile sokoni, kwani mimi jiwe?"

"Sasa kwa nini ulinifanya mkalimani?"

"Ulikuwa unarudi shule umenyong'onyea. Huna ndugu, huna wa kucheza naye. Lakini ukitafsiri, mabega yanapanda. Nikasema, acha nijifanye sijui."

Nikauliza, "Na siku ile kwa Wakorea?"

Aliendelea kukunja blauzi. "Ningekuja kukushika mkono mbele ya yule mtoto, ungeaibika mara mbili. Nikaenda kukaa."

Miaka yote nilijiona nimemficha mama. Kumbe alijificha mwenyewe, akiwa amesikia kila neno, ili mimi nibaki na rafiki.

"Iliuma?" nikamuuliza.

Aliiweka blauzi juu ya nyingine. "Iliuma mpaka tukapanda treni. Halafu ukalala begani kwangu, ukawa mzito, nikasema moyoni, basi, yameisha."