Nyasi za Krismasi Kagugu

Jana asubuhi kwenye makutano ya Sonatubes, nikiwa nyuma ya pikipiki tukisubiri taa, akina mama wa usafi walikuwa wakifyeka ukingo wa barabara. Harufu ya nyasi mbichi ikapenya hadi ndani ya helmeti niliyopewa na dereva. Nina miaka ishirini na sita, ninafanya kazi Kigali mwaka wa tatu sasa, na harufu hiyo bado hunirudisha kwenye Krismasi niliyokuja hapa mara ya kwanza, nikiwa na miaka kumi.

Niwaeleze kwanza habari za nyasi, maana msiotoka upande wa Bukoba mtanicheka. Kwetu, siku moja kabla ya Krismasi, watoto hupanda mlimani kukata nyasi laini. Viti hutolewa sebuleni, nyasi zikatandikwa mpaka sakafu isionekane. Mgeni akija anavua viatu mlangoni. Sisi watoto tulibiringika humo na nguo zetu mpya mpaka tukachapwa. Mama yangu alikuwa akisema kwamba nyumba isiyotandikwa nyasi Yesu huipita, akidhani wenyewe wamesafiri, nami niliamini hivyo kabisa.

Mwaka huo mimi na Mama tulialikwa kwa mama mdogo Adela. Alikuwa ameolewa na Mnyarwanda aliyekulia Bukoba, na mumewe aliporudi kwao kufanya kazi serikalini, naye akamfuata. Tulifunga safari na senene wa kukaanga kwenye mifuko sita ya plastiki. Mpakani tukaambiwa plastiki haiingii Rwanda hata moja, basi Mama akavua kitenge cha juu, akamimina senene wote humo na kukifunga mafundo manne. Tuliingia Kigali tukinuka kikaango.

Nyumba ya mama mdogo ilikuwa Kagugu, ndani ya geti jeusi, na sakafu yake ilikuwa ya vigae vyeupe. Nilitembea juu yake kwa vidole nikiogopa kuteleza. Kulikuwa na mti wa Krismasi wa dukani wenye taa za kuwaka na kuzima, na kulikuwa na Keza, binti yao wa pekee, mwenye miaka tisa na meno mawili makubwa ya mbele. Tulipendana kabla ya chai kupoa. Jioni nikauliza swali nililokuwa nalo tangu nimevua viatu.

"Mama mdogo, nyasi mnakata lini?"

Baba Keza akacheka kwa upole, akanieleza kwamba Keza ana pumu. Vumbi, manyoya ya paka, maua, vyote humfunga kifua, na daktari alishawakanya. Nilishusha uso. Ndipo mama mdogo, aliyekuwa akimenya ndizi, akasema bila kumtazama mtu, "Kidogo tu. Tutafungua madirisha." Mumewe akamwangalia. Mimi nikapiga makofi.

Kesho yake Baba Keza alitupeleka kwa gari hadi juu ya Gatsata, ambako nyumba zinaishia na kilima kinaendelea. Keza aliamriwa abaki garini na baba yake. Alikaa dakika tano hivi, kisha akatoroka akatukuta. Kilima kile kilinishinda pumzi hata mimi. Chini tuliona barabara yote na malori yakitambaa kuelekea Nyabugogo, na upepo ulivuma kwa nguvu mpaka kitambaa cha Mama kikaruka. Nilifurahi kupita kiasi. Nilifyeka nyasi kwenye ukingo wa tuta huku nikiimba, kwa kuwa kwetu nyasi hazina mwenyewe, anayezikuta anakata.

Mwenyewe akatokea, mama mnene mwenye mundu mkubwa kuliko wangu.

"Eeh! Nyasi ya ng'ombe yangu hiyo! Nyinyi ng'ombe yenu iko ngapi?"

Mama akajieleza kwa aibu kwamba hatuna ng'ombe, tunataka kutandika sebuleni. Yule mama akaduwaa, akacheka mpaka akakaa chini. "Ya chumba? Ya chumba si hii, hii itawachoma miguu. Munataka ishinge. Nyumba ya nyanya yangu yote ilikuwa ishinge." Akatupeleka mwenyewe kwenye nyasi nyembamba, akatusaidia kufunga mizigo miwili, na alipopewa senene akaenda zake akiwatazama wadudu wale kwa mashaka.

Wakati wanaongea, Keza alianza kukohoa. Kikohozi kidogo, kikavu. Akaniminya mkono. "Koku, usiambie mtu. Watanikataza." Nami sikusema. Hilo nitalibeba mpaka nizikwe.

Jioni tulitandika. Ile "kidogo tu" ya mama mdogo ikawa sebule nzima, maana kila tulipoacha kona wazi alisema, "Na pale, na pale." Madirisha yote yalifunguliwa. Vigae vikapotea, nyumba ikanuka kama kwetu.

Asubuhi ya Krismasi Baba Keza alimpeleka Mama misa ya kwanza. Sisi tungeenda ya pili na mama mdogo, ambaye alikuwa jikoni na sufuria ya ndizi. Tukavaa magauni mapya, nikamfundisha Keza kubiringika. Tulibiringika kutoka mlangoni hadi kwenye mti wa taa na kurudi. Kisha nikasikia mluzi. Nilidhani anacheka. Nilicheka pia, nikaendelea kucheka, mpaka nilipomgeuza nikaona mabega yake yanapanda na kushuka na midomo imepauka.

Mama mdogo alikuja mbio na kipulizio cha dawa. Akakiminya mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kilikuwa kimeisha, kikatoa hewa tupu. Simu ya mumewe ilikuwa imezimwa kwa sababu ya misa. Akambeba Keza mgongoni kama mtoto mchanga, miguu mirefu ikining'inia, akatoka getini peku. Pikipiki ya kwanza, ambayo hapa huitwa moto, ikasimama.

"Moto inabeba mutu moja, mama," dereva akasema.

"Mwanangu hapumui!"

Yule kijana akainama, akatazama midomo ya Keza. Akavua helmeti yake mwenyewe na kumvisha mama mdogo. "Panda. Porisi wakitusimamisha, mimi nitawaambia."

Wakaondoka. Hakuna aliyeniambia nibaki, wala nifuate, wala nifanye nini. Nilisimama barabarani na gauni langu jipya. Watu walipita wakienda kanisani wakinisalimu kwa Kinyarwanda, na sikuwa na neno hata moja la kuwajibu. Ndani ndizi zikaanza kuungua. Nilizima jiko, nikarudi getini, nikakaa kwenye jiwe. Sikuthubutu kukanyaga nyasi zile tena. Nilimwambia Mungu achukue chochote changu, na nilipofikiri nina nini, niliona sina kitu. Sijawahi tena kujiona mdogo kama siku ile.

Mama yangu na Baba Keza waliponikuta, nilisema, "Kifua cha Keza." Nikaonyesha barabara. Baba Keza akageuza gari, Mama akabaki nami.

Kwenye saa kumi alasiri mama mdogo alirudi kuchukua nguo. Keza amepata pumzi, akasema, atalala hospitali siku mbili. Mama akaangua kilio cha shukrani na kukimbilia chumbani kufungasha nguo za Keza. Mimi nilikuwa nimejibanza kwenye korido. Mama mdogo alivua kandambili alizoazimwa huko, akaingia sebuleni peke yake, akasimama katikati ya nyasi. Hakufanya kitu. Alikunja vidole vya miguu, akavikunjua, akafumba macho. Alikaa hivyo kitambo. Kisha akasema kwa sauti kavu, "Toeni zote," na hakuniangalia usoni mpaka tulipopanda basi la kurudi.

Kwa miaka mingi nilijua kwamba alinichukia. Nilikuwa mtoto mgeni aliyekuja na mila zake na kutaka kumuua binti yake. Niliandika barua mbili za kuomba radhi, sikuzituma.

Nilipohamia hapa kikazi, Keza, ambaye siku hizi ananizidi urefu na anatembea na vipulizio viwili, alinishangaa nilipomwambia hivyo. Alisema hajawahi kusikia nikilaumiwa nyumbani kwao. Baba yake ndiye aliyemlaumu mama yake, mara moja tu, na mama yake hakujitetea. Nikakumbuka tena lile jibu lake la "Kidogo tu", jinsi lilivyotoka upesi. Miaka kumi na moja alikuwa amekaa na vigae vile. Mimi nilikuwa nimeuliza tu, mwenye kiu alikuwa yeye.

Kumbe siku ile alishindwa kunitazama kwa aibu. Binti yake alikuwa amelala na hewa ya mashine puani, naye alikuwa amerudi nyumbani na, kabla ya kuziondoa, akasimama akala Krismasi yake kwa nyayo, ya kwanza tangu ahame na ya mwisho. Alidhani hakuna aliyemwona. Ninamtembelea kila Jumapili, tunakula, tunasema mengi, na hilo sijamwambia.