Mkeo Ataligonga Tu

Mke wangu aliomba kazi ya kuendesha basi la shule. Kwenye usaili hawakumuuliza habari za leseni wala uzoefu. Walimwonyesha simu yenye picha yake, amesimama kando ya gari lililobonyea mlango, wakamuuliza kama ni yeye aliyeligonga.

Akajibu, "Ndiyo, ni mimi."

Hakuwa yeye. Aliyeligonga ni mimi. Picha niliipiga mimi, na yale maneno ya kuchekesha yaliyoandikwa juu yake yalitoka kwenye kichwa changu hiki hiki.

Tulia nikusimulie. Na usinionee huruma, sistahili.

Kazi yangu ni kuandika matangazo ya yadi moja inayofufua magari ya kizamani. Yale yenye boneti ndefu na taa za mviringo, ambayo babu zetu waliyaona kwa mbali tu. Mafundi wanayanyoosha na kuyapaka rangi, mimi nayapiga picha na kuyatupia mtandaoni.

Bosi wetu tunamwita Kroomu, jina la ule urembo wa bampa unaometa, kwa sababu anapenda vitu vinavyong'aa. Ofisini kwake kuta zimejaa matangazo ya magari ya enzi hizo, aliyoyakata kwenye majarida chakavu na kuyawekea fremu. Karibu kila moja lina mwanamke, na karibu kila mwanamke yupo pale ili achekwe.

Kuna mmoja kavaa aproni, anauangalia usukani kama vile ni nyoka. Chini pameandikwa kwamba gari hili ni jepesi, hata mama wa nyumbani ataliweza.

Kuna mwingine anapokea funguo kwa mumewe. Maneno yanasema: mpe tu, habari za bima tutaongea baadaye.

Mimi nilikuwa navunjika mbavu. Nikawa nayageuza kwa Kiswahili cha mtaani na kuyarusha, watu wakayapenda kuliko magari yenyewe. Kroomu akasema tumepata dawa ya biashara, mtu akishacheka hakumbuki kubishana bei.

Ijumaa moja akaniruhusu niende nyumbani na gari moja la kijani, nilipige picha asubuhi mwanga ukiwa mzuri.

Nikaingia getini kinyumenyume, kichwa kimevimba kwa sababu majirani walikuwa wanaangalia. Nikakata kona mapema. Nikasikia krrr, na nguzo ya geti ikawa imeuingia mlango wa kushoto.

Pale yadi kuna maandishi mekundu ukutani: UKIGONGA GARI, UMEJIACHISHA KAZI. Nyumbani tuna mapacha wa darasa la pili, na aliyekuwa na kazi ni mimi peke yangu.

Mke wangu akatoka jikoni na mikono yenye unga. Majirani wanamwita Mama Pacha. Huyu mwanamke kabla ya kujifungua aliendesha lori la mchanga, na akilirudisha nyuma kwenye kichochoro hata kuku hakurupuki. Akainama, akapitisha kiganja kwenye lile bonyeo, akaniangalia usoni nilivyosawijika.

"Mwambie ni mimi," akasema. "Mimi hana pa kunifukuza."

Nilibisha kidogo. Kidogo sana, kusema kweli.

Asubuhi nikampigia Kroomu nikamwambia mke wangu alitaka kulisogeza gari, akalipeleka kwenye nguzo. Nilijiandaa kwa radi. Badala yake alicheka mpaka akapaliwa.

"Kumbe ni shemeji," akasema. "Basi yaishe. Wanawake na magari si tunawajua?"

Kisha sauti ikambadilika, kama mtu aliyeokota kitu. Akaniagiza fundi bodi asiliguse kwanza. Nilipige picha hivyo hivyo, na shemeji awe pembeni.

Aibu yangu inaanzia hapa. Sikumwambia mke wangu kwamba ni picha ya tangazo. Nilimwambia asimame karibu na mlango ili fundi aone ukubwa wa bonyeo.

Akasimama na ndala zake na aproni ya jikoni. Akaweka mkono juu ya mlango, akatabasamu kidogo, kwa sababu aliyeshika kamera ni mimi.

Juu ya ile picha nikaandika: MKEO ATALIGONGA TU. USIJALI, MILANGO YA AKIBA TUNAYO.

Nikalirusha tangazo, likasambaa kama moto wa nyika. Mke wangu aliliona kwenye simu, katumiwa na dada yake pamoja na alama za vicheko. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu kama nilicheka wakati naandika. Nikamwambia hiyo ni kazi, asiichukulie moyoni. Akasema sawa, akaenda kuwaogesha watoto, nami nikajipa moyo kwamba yamepita.

Usaili ulikuwa wiki iliyofuata. Barabarani walishamjaribu, akawa wa kwanza, na mwalimu mkuu mwenyewe alimpongeza. Alikuwa na uhakika kiasi kwamba aliwaambia mapacha wataanza kwenda shule na mama yao kwenye usukani.

Siku hiyo alirudi mapema. Akanisimulia habari ya ile simu na lile swali, taratibu, huku anavua viatu. Kazi hakupewa.

Nikamuuliza kwa nini hakusema ukweli.

"Mmoja wa wajumbe wa kamati ya shule walionihoji ni rafiki yake Kroomu," akasema. "Ningekutaja, ungefukuzwa kabla sijafika nyumbani. Kazi yako tunayo. Yangu ilikuwa bado."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Kesho yake nikaenda shuleni. Mwalimu mkuu, mama wa makamo, alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Nilimweleza yote, kuanzia nguzo mpaka aproni.

"Mimi nilimtaka mkeo," akasema. "Wazazi waliponiletea picha niliwaambia huo ni utani wa matangazo. Nikamuuliza mbele ya kamati makusudi, akane, tumalize. Akakubali."

Nafasi alikuwa ameshapewa aliyemfuata, na ameshatia sahihi. Mama yule akaniuliza kwa nini nimekuja leo na si juzi. Nikaaga.

Kutoka pale nikaenda moja kwa moja yadi. Nilishakata shauri kwamba kama mwenzangu amekosa kazi kwa ajili yangu, basi na mimi yangu iende. Nilimkuta Kroomu anasugua bampa. Nikamwambia ukweli nikiwa nimesimama.

Akaacha kusugua. "Wewe ndiye?"

"Ndiyo, bosi."

"Ah, mimi mwenyewe nimeshagonga matatu. Ajali hutokea, bwana."

Nikamwonyesha maandishi mekundu ukutani. Akasema yale ni ya kuwatisha waosha magari. Akarudi kwenye bampa lake, akauliza kama picha za lile gari la bluu ziko tayari.

Hakucheka. Hilo ndilo lililonikata maini. Mlango ni ule ule na nguzo ni ile ile, lakini kosa lilipokuwa la mke wangu lilichekesha mji mzima. Lilipokuwa langu likawa ajali, tena ndogo.

Ina maana ningesema ukweli ile asubuhi ya kwanza, ningebaki na kazi yangu, na Mama Pacha angekuwa dereva wa basi.

Nikalifuta tangazo pale pale. Maji yakishamwagika hayazoleki, watu walishalihifadhi. Nikaandika jingine, nikaeleza kwamba aliyegonga ni mimi na mke wangu hahusiki. Wa kwanza kunijibu aliandika: "Huyu ndiye mwanaume, anamfichia mkewe aibu." Wengine wakaunga mkono. Mpaka nafika nyumbani nilikuwa shujaa.

Mke wangu alikuwa anapiga pasi sare za watoto. Akaniuliza kama nimefukuzwa.

"Hapana."

"Alisema nini?"

"Alisema ajali hutokea."

Akaisimamisha pasi. Macho yakiwa kwenye ile sare, akasema, "Kumbe nilikubali kuchekwa bure."

Hakulia. Akaichukua pasi, akaendelea na kola. Mimi ndiye niliyelia, na nina aibu hata na hilo, kwa sababu aliacha tena kazi yake akaja kunibembeleza.

Ndugu unayesoma, kabla hujacheka utani wa mke na gari, jiulize kosa hilo hilo ukilifanya wewe litaitwaje. Likibadilika jina, ujue hapo hakuna utani. Na kama wewe ndiye unayeuandika, kumbuka kuna mtu ataitwa mahali aulizwe kwa maneno yako, na wewe hutakuwemo chumbani umjibie.