Kikohozi Kilichofichwa Masinya

Nilitoka nyumbani Busia, upande wa Kenya, kwa sababu ya kikohozi cha mtu nisiyemjua. Binamu yangu Zuhura ni muuguzi upande wa Uganda, na kazi yake ni kuzunguka vijijini akiangalia afya ya wakimbizi waliotolewa kambini na kupewa makao mapya. Alinipigia simu akasema, "Dada Mwanaisha, njoo unisaidie. Kuna mama wa Kikongo kule Masinya, anaitwa Riziki. Kila nikienda namkuta amekonda zaidi, anakohoa, na bado ananyonyesha. Makohozi yake tumepima hayana kitu, lakini mimi roho yangu haijatulia. Na kwa Kiswahili changu hiki cha sokoni haniambii neno la maana."

Marehemu mama yangu alikuwa mtu wa Uvira, Kongo, na maneno ya kule nimeyasikia tangu tumboni. Nikafunga duka langu la vitenge, nikamwambia mume wangu wali uko jikoni ajipakulie, nikaondoka.

Mpakani palikuwa na foleni ya malori kama kawaida. Nilivuka, nikapanda boda boda, tukashika njia ya Dabani. Mihogo ilikuwa imeanikwa kando ya barabara, na wanawake wanapalilia mtama. Kijana wa boda akauliza, "Mama, nakwenda kwa Bakongo? Bale hapana salimia batu. Najifungia tu."

"Na wewe ukifukuzwa kwenu kwa risasi, utazunguka ukisalimia watu?" nilimjibu. Mdomo wangu hauna breki, wanaonijua wanajua. Akakaza mwendo mpaka Masinya.

Masinya nilipokewa na Nafula, mkulima mjane ambaye uani kwake ana nyumba ya pili. Kanisa la kijiji limeikodi kwa ajili ya Riziki na watoto wake wawili. Riziki mwenyewe alitoka kunilaki akiwa amejifunga kitenge safi, mtoto mgongoni, na akacheka sana aliponisikia namsalimia kwa maneno ya kwao. Alikuwa mwembamba mpaka mifupa ya shingo inahesabika.

"Mi niko muzima, dada," alisema kabla hata sijamuuliza. "Balinipima, bakaona sina kitu."

Akanyamaza ghafla, akafumba mdomo, macho yakajaa machozi. Nimeona watu wakizuia hasira, wakizuia kilio. Sijawahi kuona mtu akizuia kikohozi kwa nguvu namna ile, jamani. Nilijifanya sikuona, tukala ugali wa muhogo na samaki, nikalala kwa Nafula.

Alfajiri niliamka nitawadhe. Nilipozunguka nyuma ya jiko kutafuta maji, nikamkuta Riziki amechuchumaa, ameshindilia upande wa kitenge mdomoni, mabega yanatikisika bila sauti. Alipokitoa kilikuwa na damu.

"Astaghfirullahi! Riziki!"

Alikikunja upesi, akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vya moto. "Usiseme kwa muganga, kwa Zuhura, dada. Nakuomba."

Nafula alitoka aliposikia sauti yangu. Nikamuuliza kwa ukali, makohozi ya mtu anayetema damu yanapimwaje yasionekane na kitu? Mama wa watu akainama.

"Kile kikopo, ile makohozi ni yangu," alisema. "Mama, mimi nafanya nini? Yeye nalia, nashika miguu yangu, nasema batachukua mutoto. Basi mimi natema."

Hasira ilinipanda, wallahi. Watu wazima wawili wanamdanganya muuguzi, na mtoto ananyonya kifuani mwa mgonjwa! Nilifungua mdomo niwaseme, lakini Riziki alikuwa ameketi chini kwenye umande, anaongea taratibu.

"Kule kambi, siku ya kusafiri, balipima kila mutu. Bwana yangu alikuwa anakohoa. Alikuwa anaficha, miezi mingi, ila siku ile bakamuona. Bakasema, huyu ana kifua kikuu, abaki atibiwe, atakuja nyuma. Mi na batoto tukapanda basi. Alifia kule, dada. Sisi hatukuwa kule."

Akatazama nyumba walimolala watoto. "Mi nikibaki, hawa batoto bataenda na nani?"

Hasira yangu yote iliisha palepale. Nikaketi naye kwenye umande.

Zuhura alipofika asubuhi nilimweleza yote. Hakumgombeza mtu. Aliniambia nimtafsirie maneno yake polepole: kwamba safari imekwisha, hakuna basi linalosubiriwa, dawa analetewa hapahapa mtu alipo, na hakuna mwenye ruhusa ya kumtenga mama na mtoto wake. Riziki alisikiliza huku akitingisha kichwa kukataa. Hata kambini walisema vizuri, alisema. Mwisho alikubali jambo moja tu, apimwe mjini Tororo, mahali ambapo hakuna anayemjua.

Tulikwenda Tororo pamoja na Zuhura kwa pikapu ya kaka yangu Swaleh, aliyekuwa anafuata saruji huko. Tulifungua vioo vyote, Riziki akavaa barakoa, mimi nikampakata mtoto. Mwamba wa Tororo ulipoanza kuonekana, aliniwekea mapajani kifurushi cha nguo za mtoto.

"Anaitwa Neema," alisema, kana kwamba simjui. "Uji anapenda wa moto kidogo. Akilia usiku umubebe mugongoni, atanyamaza. Mukubwa wake yuko kwa Nafula, usibaachanishe."

Swaleh, ambaye utani haumtoki mdomoni, alikaza macho barabarani. Mimi nilikishika kifurushi. Nililia tu.

Hospitalini safari hii alitema mwenyewe, Zuhura amesimama kando yake. Tulingoja kwenye benchi mpaka mchana ukapita. Daktari, mama wa makamo, alituita akasema ni kifua kikuu na kinatibika. Akatoa vidonge, akaeleza vinavyomezwa kila siku kwa miezi sita bila kuruka. Akampima Neema, akampa dawa ya kumkinga, akasema aendelee kunyonya, mama akivaa barakoa. Kisha akasema, "Haya, nendeni nyumbani."

Nikatafsiri. Riziki hakuinuka.

"Nani anaenda?"

"Wewe."

"Na mutoto?"

"Na mtoto. Inuka, mama, twende."

Ilibidi nimshike kwapa.

Njiani kurudi alikuwa amempakata Neema, dawa ziko kwenye mkoba wake. Tulikwenda mpaka mwamba ukabaki nyuma. Halafu akauliza, "Dada, hii dawa ilikuwako hata wakati ule? Wakati bwana yangu anaficha?"

Nilitamani kumdanganya. "Ilikuwako," nikasema.

Akalia. Alilia kwa sauti, na kilio kikaamsha kikohozi, akakohoa ndani ya barakoa akiegemea dirisha, wala hakukizuia. Swaleh alisimamisha gari tukangoja amalize.

Masinya tulikuta wanawake watano wa Kikongo uani kwa Nafula. Habari ilikuwa imewafikia kwamba Riziki amepelekwa, na walikuwa wamekuja kumchukua mtoto mkubwa wamlee. Nimejifunza jambo moja katika safari hii, nami nawaambia ninyi wa nyumbani mnaopenda kusema wakimbizi ni wabishi. Haitoshi kumwambia mtu aseme kweli atibiwe. Kwanza amwone aliyesema kweli akirudi na mtoto wake.

Riziki alishuka kwenye pikapu. Wale wanawake walisimama, mmoja akapiga ukelele. Yeye aliwanyooshea mkono wasimkaribie sana, akainua mkoba wa dawa waone.

"Niko na kifua kikuu," alisema. "Na niko hapa."

Mmoja wao, kijana tu, alijitenga na wenzake akamfuata Zuhura kando ya gari. Sikusikia alichosema. Nilimwona Zuhura akifungua begi lake na kumpa kikopo.