Wenyewe wa Ukutani

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, nilianzisha dini. Msinicheke. Wako wasomi wazima wamejaribu wakashindwa. Mimi yangu niliianzisha kati ya alasiri na magharibi, uani kwetu Kariakoo, pekupeku. Shule niliiacha kidato cha pili na sasa nauza mitumba Mchikichini, na mdomo huu haujawahi kuniangusha. Hata gauni lenye tundu nitakuuzia, na utanishukuru. Kisa hiki tu ndicho mdomo wangu hauna raha nacho.

Nilikuwa nikikaa na Bibi, mzaa mama, mwanamke wa Pwani wa kanga mbili na ubani kila Ijumaa. Alikuwa na presha, na miguu ikimvimba. Kila asubuhi baada ya chai alimeza vidonge vyake vya kliniki huku akivitukana. Nyuma ya ukuta wetu wa uani walikuwa wanajenga ghorofa, kutwa nyundo.

Siku hiyo mimi na Rehema, mtoto wa mpangaji, tulitaka kuruka kamba, na wa kutushikia ncha ya pili hatukuwa naye. Nikaifunga kwenye bomba bovu lililotokeza ukutani. Nikaruka kwa mbwembwe, kamba ikaninasa, nikaanguka nayo, bomba likalia kwaa! Halafu ukuta ukaanza kutoka jasho, na maji yakachuruzika kwenye ufa, taratibu, safi. Rehema akakimbilia chumbani kwao. Mimi nikaificha kamba.

Bibi alimaliza kuswali, akatoka akakuta.

"Nani kapasua hapa?"

"Wenyewe," nikajibu.

Nilimaanisha wenye ghorofa, hao wa nyundo. Lakini kwa watu wa umri wa Bibi, wenyewe ni jina la wale wasiotajwa: majini, mizimu, wenye mahali pao. Akashusha sauti.

"Umewaona?"

"Nimewaona."

"Wakoje?"

"Weupe. Mpaka nywele."

Wallahi hapo sijadanganya bado. Saidia fundi, vibarua wa ghorofa la jirani, walikuwa wamejaa saruji mwili mzima. Bibi alipokwenda kuleta chetezo cha ubani ndipo nilipoelewa ameelewa nini. Ningeweza kusema. Lakini niliona fimbo haiji tena, na Bibi, ambaye siku zote alinijibu huku akipepeta mchele, sasa ananitazama machoni akingoja neno langu.

"Wamesema nini, mjukuu wangu?"

"Wanakuonea huruma miguu. Unawe, na unywe."

Kufika Ijumaa, uani kulikuwa na foleni ya chupa. Watu walitoka mpaka Mchafukoge. Nikawa mtu! Nikaweka masharti: viatu vivuliwe mlangoni, watu wasiongee, na asiingie aliyevaa nyekundu. Hilo la nyekundu nililitunga kwa sababu Rehema alishonewa gauni jekundu la sikukuu na mimi sikushonewa. Wiki haijaisha, nikamsikia mama mmoja akimfundisha mgeni kwamba nyekundu inawakumbusha damu. Mimi mwenyewe nikaogopa kidogo.

Mangi, Mchaga wa duka la pembeni, mzee wa kanisa kabisa, naye akaja na kidumu.

"Mangi, na wewe?" Bibi akamtania. "Si una mchungaji wako?"

"Mimi siamini haya mambo, Bibi," akasema huku akikinga. "Unaoamini ni mgongo wangu."

Maalimu wa chuo cha Kurani alipita akakemea: tunamshirikisha Mungu na bomba! Watu wakamwitikia kwa adabu, wakangoja aondoke, wakaendelea kukinga.

Siku moja nikamkuta Bibi anamimina vidonge kwenye ndoo ya taka.

"Bibi, dawa zako!"

"Za nini? Wenyewe wameshanitazama. Kichwa chepesi, miguu myepesi."

Presha haipigi hodi. Na mimi shuleni nilikuwa nimechora moyo na mishipa yake, nikapewa tiki. Nilijua moyo unasukuma damu, na nilijua bomba limevutwa na kamba ya nani. Nikanyamaza.

Kisha akaja fundi bomba, kwa kuwa wapangaji walikosa maji. Akagonga kwa spana.

"Hili limevutwa na mtu. Nipeni nusu saa tu."

"Thubutu!" wanawake wakamjia juu. Bibi akasimama mbele ya ukuta, akatanua mikono.

Yule fundi akanigeukia. "Mtoto, si wanakusikiliza wewe? Hebu waambie."

Wote walikuwa wananitazama, na Bibi pia. Ningesema kweli, bomba lingezibwa kwa nusu saa, na vidonge vingine vingeletwa jioni hiyohiyo.

"Wenyewe hawataki," nikasema.

Siku tatu baadaye, asubuhi, Bibi alikuwa anachoma vitumbua. Kijiti cha kugeuzia kikamdondoka. Akakitazama, akataka kukiokota, mkono ukakataa. Akataka kuniita, jina langu likatoka nusu. Mangi akampakia kwenye gari lake la kubebea soda. Hospitali, daktari aliuliza jambo moja: "Dawa kaacha lini?" Watu wazima wakatazamana. Mimi nikatazama sakafu.

Alirudi na mkono wa kulia uliokufa. Bibi aliyenifunza kwamba mkono wa kushoto ni wa chooni, sasa akala kwa huohuo, akinigeuzia mgongo nisimwone.

Bomba lilizibwa yeye akiwa wodini, na hakuna aliyemzuia fundi. Bibi akakuta ukuta mkavu, akaelewa kwa namna yake.

"Wamenikasirikia," akaniambia, kwa maneno yaliyolegea. "Yule fundi nilimwacha akagonga. Nenda kaniombee radhi. Wanaokusikia ni wao."

Nikaenda. Nikausogelea ukuta, saruji ikiwa bado mbichi, nikanong'ona: "Bibi, ni mimi. Ni kamba yangu. Nisamehe." Kutoka kibarazani, bila kusikia hata neno, akaitikia, "Amina."

Nikarudi.

"Wamesemaje?"

"Wamekusamehe."

Siku hizi kuna kijana wa chuo kikuu, mteja wangu, ananieleza kwamba dini zilianza watu wakiogopa radi, na kwamba sayansi itazimaliza. Namcheka. Namwambia, mwanangu, wewe umesoma, mimi nimeona ikianza, na radi haikuwepo. Kulikuwa na mtoto anayeogopa fimbo, na watu waliochoka kuumwa. Mambo ya Mungu sijui kumshinda maalimu, naswali, nikikumbuka. Na sayansi ilikuja kwetu na spana, kwa upole, ikaomba nusu saa. Aliyeifukuza hakuwa mshamba asiyejua. Nilikuwa mimi, niliyejua.

Bibi alifariki miaka mitano baadaye, ndipo na shule ikanishinda. Sokoni naweza kuongea mpaka wenzangu waombe poo. Kwake, miaka mitano tulilala chumba kimoja, na sikupata sentensi moja ya kukiri. Alikufa akijua amesamehewa, na aliyemsamehe ni mimi.