Kiplefti cha Wasio na Kengele

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo yangu hayakumfurahisha mtu nyumbani. Bidhaa za nje zilikuwa zimejaa madukani, mitumba imefika mpaka vijijini, na kila mwenye ng'ombe kadhaa alikuwa ameuza mmoja akanunua baiskeli. Mji wa Dodoma ukawa na baiskeli kuliko magari. Ndipo ikaamuliwa kwamba sheria za barabarani ziwaguse na waendesha baiskeli: kengele, breki mbili, taa, na marufuku kupakizana. Wakatafutwa vijana wa mgambo wa kumsaidia trafiki. Nikavaa magwanda ya kuazima, suruali imeishia juu ya vifundo vya miguu, nikapewa filimbi.

Nimeishi miji mingi tangu wakati huo na hakuna hata mmoja nilioumalizia miaka mitatu. Nikiulizwa kwetu ni wapi nasema Chang'ombe ya Dodoma, na papo hapo kinachonijia si nyumba yetu bali kile kiplefti nilichopangiwa, mzunguko wa njia panda, upepo ukikizunguka na vumbi lake. Nakikumbuka kwa hamu. Naona vibaya kulisema hilo, maana tulichokuwa tukikifanya pale si cha kukumbukwa kwa hamu.

Afande wetu, yule trafiki, alikuwa mgeni wa mkoa. Mnene, mcheshi, hakuwahi kumpiga mtu. Rushwa alikuwa haitaki kabisa, na hilo liliwatesa watu kuliko kingine chochote, kwa sababu hapakuwa na njia ya kumalizana naye. Alikuwa na adhabu aliyoibuni mwenyewe. Ukikutwa huna kengele, baiskeli yako inalazwa chini, unapewa kibendera chekundu, unasimama barabarani kumvizia mwenzako asiye na kengele. Ukimpata unamshika, unamkabidhi kibendera, unaondoka. Naye anaanza kumngoja wa kwake.

"Mimi sikamati mtu," afande alipenda kusema. "Mnakamatana wenyewe."

Ilifanya kazi vizuri mno. Nilimwona mwanafunzi akimkamata mwalimu wake wa hesabu. Nilimwona fundi cherehani akimkamata jirani yake wa Ipagala, tena akimkimbilia kwa furaha kama aliyeona ndugu. Watu wa mjini wakazoea kuja kutazama. Mama muuza karanga alihamishia ungo wake pale. Mwendesha baiskeli akikaribia bila kengele huku akipiga "kringi, kringi" kwa mdomo, wote walijibu kwa pamoja: "Ya mdomo haihesabiki!" Na mimi nilikuwa nikiitika nao.

Asubuhi moja, kama saa mbili hivi, akaja mtu mrefu kutoka upande wa Chamwino, shuka begani, masikio yametobolewa kwa mtindo wa wazee wa Kigogo ingawa yeye mwenyewe hakuwa mzee. Kwenye karia alikuwa amefunga madumu mawili ya maziwa.

"Mbukwa," alitusalimu.

"Kengele iko wapi?" afande akamuuliza.

"Ipo nyumbani, afande."

"Nyumbani inamlilia nani?"

"Watoto wanaichezea."

Watu wakaangua kicheko. Yule mtu akacheka nao kidogo, kwa adabu, kisha akaeleza shida yake kwa Kiswahili cha kuchagua neno moja moja. Maziwa yale yalikuwa ya hoteli ya mzee mmoja, pale nyuma ya maduka. Yalitakiwa yafike kabla ya saa tatu ili yachemke kwa ajili ya chai ya saa nne, na siku zile Bunge lilikuwa linakaa, hoteli imejaa. Alikuwa amekwisha kuchelewa mara mbili. Mzee alimwambia akichelewa tena basi. Na mteja mwingine hakuwa naye, maana kijijini kwao kila mtu ana maziwa yake.

"Basi kamata haraka," afande akamwambia, akampa kibendera.

Hakuwa hodari. Wa kwanza aliyemsimamisha alikuwa na kengele mpya inayong'aa, akampigia usoni mara tano. Wa pili vilevile. Watu wa mjini walikuwa wamekwisha kutujua na kujinunulia kengele. Waliobaki ni wa vijijini. Madumu yalikuwa yamelala juani pamoja na baiskeli. Nikayasogeza kivulini, na afande akaniambia niyarudishe.

Kisha ikatokea baiskeli kutoka upande uleule wa Chamwino. Kijana anaendesha, nyuma amempakiza mama mtu mzima. Haina kengele, wamepakizana. Makosa mawili kwa mpigo. Nilimtazama mwenye maziwa nikidhani amepona. Badala ya kuinua kibendera alikidondosha, akatoka barabarani, akageukia ukuta wa kibanda cha sigara na kujifunika shuka mpaka kichwani. Na yule mama kwenye karia akavuta khanga usoni, akatazama upande wa pili.

Nikaelewa palepale, kwa sababu mama yangu ni wa huko. Kwa Wagogo, enzi zile, mwanamume na mama mkwe wake hawakutani njiani. Ukimwona anakuja unatoka njiani, unageuka mpaka apite. Kumsogelea ni aibu kubwa. Kumgusa ni kitu ambacho watu hawakisemi hata kwa mfano.

Afande akapuliza filimbi. "We mwenye maziwa! Huyo hana kengele na amepakiza, unamwachia?"

"Afande," nikasema, "yule ni mama mkwe wake. Kwao hawaonani."

Nilidhani namwokoa. Au labda nilitaka tu nionekane najua. Miaka yote hii sijapata jibu. Nilichokiona ni uso wa afande ukichanua.

"Mama mkwe! Jamani, leo tuna harusi." Akaishika ile baiskeli mwenyewe ikasimama. "Sikilizeni. Hawa nimewasimamisha tu, sijawakamata. Wa kukamata ni mkwe. Aje hapa, amshike mama mkono, amshushe, ampe kibendera. Akimaliza, aende na maziwa yake."

"Afande, nikamate mimi," yule kijana akasema. "Mimi ndiye ninayeendesha. Huyu ni mama yangu, na yule pale ni shemeji yangu."

"Wewe sina shida na wewe. Shida yangu ni abiria."

Watu wakaongezeka. "Mkwe, njoo umsalimie mama!" "Usimwonee haya, si ndiye aliyekuzalia mke?" Mama muuza karanga naye akapaza sauti: "Mshike, baba, maziwa yanaganda!" Yule mtu hakugeuka.

Mama akashuka mwenyewe. Akasimama ametupa kisogo sote, akaniita kwa mkono.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Mwambie yule mwenye maziwa ameshanikamata. Aende."

Nikavuka barabara, hatua kumi na mbili, nikamwambia.

"Mwambie mama sijamkamata," akanijibu kutoka ndani ya shuka.

Nikarudi. Mama akavuta khanga zaidi usoni. "Mwambie wajukuu zangu watakula nini. Mwambie nimemruhusu mimi mwenyewe. Asinishike mkono. Ashike ncha ya khanga tu, nami nitatazama huku."

Nikavuka tena. Kila nilipovuka watu walishangilia, na afande, machozi ya kicheko yakimtoka, alisema posta ya leo haipotezi barua. Nami nilicheka. Niliupeleka ujumbe wa mama huku nacheka, na mwenye maziwa alisikia kicheko changu karibu kabisa na sikio lake.

"Mwambie hapana," akasema.

Ilipokaribia saa tatu, afande akanituma chai kwa yuleyule mzee wa hoteli. Nilimkuta na kofia yake ya kushonwa kwa mkono, birika kubwa likitokota jikoni, meza zimeanza kukaliwa na watu wa Bunge.

"Mwenye maziwa hujamwona?" akaniuliza.

"Amekamatwa pale kiplefti, mzee."

Akatazama saa ya ukutani. Hakukasirika. Akafungua kabati, akatoa kopo jipya la maziwa ya unga, limechorwa ng'ombe mnene kwenye majani mabichi ambayo Dodoma hatujawahi kuyaona. Akalitoboa kwa kisu.

"Haya hayapiti kiplefti," akasema huku akikoroga. "Mwambie asihangaike tena. Si leo tu."

Niliporudi na chai, afande akapiga funda akaisifu. Mchezo ulikuwa umeanza kumchosha. Lori la mahindi lilikuwa limeziba barabara ya pili, na watazamaji walikuwa wanakwenda kulitazama.

"Haya, nendeni zenu wote."

Mama akapanda, mwanawe akaondoka naye taratibu. Mwenye maziwa alingoja mpaka baiskeli ile isisikike tena, ndipo akafunua uso. Akaja, akafungua dumu moja, akanusa, akafunga.

"Mazima haya," akasema. "Saa ngapi, kijana?"

"Saa tatu na robo."

"Atayapokea?"

Asubuhi nzima nilikuwa nimepeleka maneno ya watu bila kupunguza hata moja. Hili la mzee likanishinda.

"Wahi," nikamwambia. "Anakungoja."

Akanishukuru kwa mikono miwili. Akaondoka kwa kasi akipiga kelele "Njia! Njia!" maana kengele hakuwa nayo.

Hazikupita dakika kumi akarudi, akiikokota baiskeli, madumu yamejaa vilevile. Nilijiandaa kutukanwa. Alinitazama tu kama mtu anayetafuta mahali alipowahi kukuona, kisha akapanda baiskeli ili aelekee kwao. Afande akapuliza filimbi.

"Simama! Kengele iko wapi?"

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Sheria ilikuwa ileile ya saa mbili, na kibendera hakikuwa na mtu.

Yule mtu akakipokea bila kujitetea. Akasimama katikati ya barabara, miguu ameitanua. Wa kwanza kutokea bila kengele alikuwa mzee sana, mwenye mvi, na gunia la pumba kwenye karia. Hakumwamkia. Alimvaa, akamng'oa kwenye baiskeli kwa mkono mmoja, gunia likapasuka na pumba zikatapakaa barabarani. Watu walipiga makofi kuliko siku zote. Mzee akabaki amekaa chini ameshika kifundo cha mkono wake, anauliza kwa Kigogo amekosa nini.

Mwenye maziwa alimtupia kibendera mapajani, akaondoka akikanyaga pumba.

"Huyu sasa ameelewa," afande akasema, akanipa kikombe nimwongezee chai.