Mfuniko wa Mtungi

Fundi redio wa mtaa wetu hapa Dodoma hafanyi kazi kwa macho. Huinamisha kichwa kama anayesikiliza ugomvi wa jirani. Vidole vyake vina makovu ya risasi ya kuchomelea, na sauti yake haipandi hata mteja akifoka. Redio mpya za Dubai zimejaa madukani, lakini mezani kwake ipo moja kuukuu, imewekwa pasipo na stesheni, inakoroma tu. Mara mojamoja hulia "ti!" naye huitikia kwa kichwa, akaendelea kuchomelea. Mlio huo unatumwa na kidude alichokiunda mwenyewe nyumbani, akakifunga kwenye mfuniko wa mtungi wa mama yake, anayeishi peke yake ng'ambo ya korongo. Kidude hicho kinalala kutwa. Mama akifunua mtungi achote maji, kinaamka, kinatuma mlio, kinalala tena. Ndiyo maana betri mbili za tochi zinakitosha kiangazi chote.

Juzi jua lilifika utosini bila "ti" hata moja. Aliiacha redio yangu tumbo wazi, akatoka mbio, nami nikamfuata. Tulimkuta mama yake uani, ameketi kando ya ungo wenye betri mbili.

"Shikamoo, mama," alisema akihema.

"Marahaba. Nimekuanikia betri zako, mwanangu, zipate nguvu. Kidude chako hakijapumzika tangu mvua zikatike."

Fundi alichuchumaa penye ungo, akazigeuza, ili upande wa pili nao upate jua.