Baba Mdogo Siyo Anko

Honi ya lile lori, mwanangu, naisikia hadi leo: ndefu, halafu ikakatika ghafla. Nilikuwa msichana, napika kwenye shamba la ngano la serikali kule Basotu, kichwa kimejaa ndoto za kuja kuendesha kombaini, ile mashine ya kuvunia. Dereva akashuka, wala hakunitania kama kawaida yake. Akasema baba mdogo Tluway amefariki huko kijijini kwetu Daudi, anazikwa kesho, na yeye anageuza lori sasa hivi.

Baba aliyenizaa simkumbuki hata sura. Mdogo wake huyo ndiye aliyenibeba mgongoni kunipeleka shule, matope yakimfika magotini.

Nikakimbia kwa msimamizi, mtu wa mjini.

"Shikamoo bosi. Nimefiwa na baba, naomba ruhusa."

"Si ulisema baba yako alishakufa?"

"Huyu ni baba mdogo."

"Aa, anko! Ruhusa ni ya mzazi, binti. Anko watamzika wengine."

"Siyo anko, ni baba."

"Kwani una baba wangapi wewe?"

Makarani wakacheka. Mwanangu, nikawapa mgongo, nikarudi jikoni. Mama niliyekuwa napika naye akaniambia, "Vua aproni upande lori. Ugali nitasonga mimi." Nikapanda. Kazi ikaishia hapo, na kombaini yangu nayo.

Kwa matope ya njiani, Daudi nilifika kesho yake, nikakuta jeneza liko kando ya kaburi, halijashushwa. Mzee wa ukoo alikuwa anauliza, "Binti yake amefika?" Watu wakanipisha, nikatupia udongo wa kwanza. Hakuna aliyeniuliza nina baba wangapi.

Sasa jana nakusikia unamwita baba yako mdogo anko, macho yako kwenye simu! Muuza duka anko, dereva wa bodaboda anko, na yeye anko? Mjomba ana heshima yake, ni ndugu wa mama. Baba mdogo ni baba. Ukiwaita wote anko umemwaga mahindi na ngano kwenye gunia moja. Utasaga nini humo? Mwite baba. Mpe shikamoo ya baba. Akiugua, muuguze kama baba. Na Mungu akujalie watoto wa ndugu zako nao wakuite mzazi, wasione haya.

Mimi siku ile, watu walipotawanyika, nilirudi kaburini peke yangu, nikapiga magoti, nikasema, "Shikamoo, baba."